Breki ya mbele, ya nyuma, au zote mbili?

Mgeni_wa_Boxer: Wakuu, habari za leo. Nimeanza kuendesha pikipiki ya Boxer, niko Morogoro. Kijiweni wananiambia nisiguse kabisa breki ya mbele, itanirusha. Aliyenifundisha anasema nitumie zote mbili. Mwingine anasema shusha gia tu. Nimsikilize nani?

Fundi_Kibao: Hao wa kijiweni wanakupoteza. Ukibana breki, uzito wa chombo unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kuishika lami, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu kazi kubwa ni ya mbele. Ukitegemea breki ya mguu, yaani ya nyuma, peke yake, tairi la nyuma linafunga mapema, mkia unacheza na bado hujasimama. Kinachoangusha watu ni kubamiza ile ya mkono, yaani ya mbele, ghafla, au kubana huku umekata kona. Anza taratibu, uzito ukishahamia ndipo uongeze.

Mzee_wa_Rafu: Hayo ni ya lami, fundi. Sisi wa huku vijijini Mvomero tunapita changarawe na tope. Mbele ukibana vibaya tairi linateleza, hupati hata muda wa kusema "mama". Mimi rafu rodi naanza na mguu, mkono nagusia tu. La nyuma likiteleza unaliokoa.

Fundi_Kibao: Hapo sina ubishi, mzee wangu.

Dada_wa_Kitonga: Gia ina kazi yake, hasa mlimani. Anayeshuka mlima Kitonga kwa breki tupu anachemsha ngoma za breki, mwishowe anabana na hazishiki. Shuka na gia ya chini, nyutro usithubutu. Ila gia haiwashi taa ya nyuma, na Hiace iliyokufuata haijui kama unapunguza mwendo. Gusa breki kidogo, taa iwake.

Mgeni_wa_Boxer: Asante dada. Nikiwa na abiria je?

Dada_wa_Kitonga: Nyuma kunakuwa na uzito, kwa hiyo mguu unasaidia zaidi kuliko ukiwa peke yako. Mkono usiuache. Ukibana ghafla abiria anakulalia mgongoni na kukusukumia kwenye usukani, kwa hiyo anza kupunguza mapema. Halafu mwendo: ukitoka 30 kwenda 60, umbali wa breki unakuwa mara nne, siyo mbili. Kwenye 50 unakula kama mita 14 kila sekunde, hata kabla mkono haujafika kwenye breki. Wenye kubeba mishkaki, abiria wawili watatu kwa pamoja, sijui wanasimamaje.

Kijana_Chuma: Jipange ununue yenye ABS, mfumo wa breki ambao tairi halifungi ukibana kwa hofu. India wameilazimisha kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 tangu 2019.

Fundi_Kibao: Nzuri, lakini Boxer nyingi za boda zina breki za ngoma mbele na nyuma. Mgeni, bana breki ya mbele pikipiki ikiwa imesimama. Mkono wa breki ukigota kwenye mpira wa usukani, waya umelegea. Wengi wanaulegeza hivyo halafu wanasema breki ya mbele haifai! Kaza nati ya waya, kisha zungusha tairi uone kama halisugui. Ukimaliza, tafuta kipande cha lami kisicho na magari, ufanye mazoezi ya kusimama kwa mwendo wa 20, mkono na mguu pamoja, mpaka uzoee.

Mgeni_wa_Boxer: Nimeangalia sasa hivi. Mkono unagota kabisa, na nyuzi mbili za waya zimekatika pale kwenye kichwa.

Fundi_Kibao: Usiukaze huo. Nunua mwingine leo leo.