Majirani Sahare: Bamvua ya Jumamosi

[19:02] Mama Rehema: Asalam aleikum majirani. Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa kabisa kama saa 4 na nusu asubuhi. Saa 3 watoto wawe ufukweni na viatu vya kufunga, mwamba unakata. Tunatandaza kamba ya mita 50, tunahesabu nyasi bahari kwa ule mraba wa sentimita 50. Mchana, makumbusho ya Boma. Naomba majina

[19:41] Mama Rehema: Mmesoma wote, naona

[19:44] Bakari Fundi: Mie naja, mradi kuna pweza wa kuchoma 😂

[19:45] Sele: Ahesabiwe kwanza

[19:46] Bakari Fundi: Mikono minane, hesabu imekwisha, leta ndimu 😂😂

[19:48] Mama Rehema: Jamani, maji yakianza kujaa hayamsubiri mtu. MAJINA

[19:52] Mama Husna: Na madrasa?

[19:53] Mama Rehema: Ustadhi kawaruhusu, kuanzia miaka 9

[20:20] Mama Husna: Nauli ya Boma je? Mwaka juzi tulichanga, chenji sijaiona

[20:21] Mama Rehema: Yale si tuliyamaliza kwa Mama Saidi

[20:22] Mama Husna: Mliyamaliza nyie

[20:36] Mama Rehema: Nisikilizeni. Mwaka 1938 silikanti, samaki wa kale, aligunduliwa Afrika Kusini na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya mji wa East London. Alimkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi. Wataalamu walishaandika kwamba katoweka miaka mamilioni. Alichokuwa nacho ni jicho la kutazama. Leo Tanga tuna hifadhi ya silikanti tangu 2009, na watoto wetu hawajui hata kusoma maji

[20:38] Sele: Na yule wa jarife, ule wavu wa babu?

[20:38] Mama Rehema: Sele, si hapa

[21:15] Babu Athumani: 🎤 1:12

[21:19] Sele: Nawaandikia wasioweza kufungua sauti. Babu anasema: "Wanangu, yule samaki nilimtoa mimi, usiku, maji marefu. Bluu, ana madoa meupe, mapezi yakienda moja moja kama mtoto anayetambaa. Wakaja watu wakampima, wakamtia barafuni, wakaahidi kurudi kunieleza walichokikuta tumboni mwake. Mpaka leo. Hizo nyasi hesabuni, lakini karatasi moja ya hesabu ibaki hapa mtaani. Zikiondoka zote, wajukuu zangu hawaji."

[21:20] Bakari Fundi: Shikamoo babu

[21:34] Mama Saidi: Babu kasema

[21:40] Mama Rehema: Shikamoo babu. Nimesikia. Kesho nawapigia wenye karatasi, nawaambia hivyo hivyo

[21:58] Mama Husna: Basi Husna aje. Ufukweni. Boma bado

[23:50] Baba Naima: Samahani nilikuwa kazini. Ni Jumamosi hii?

[05:31] Mama Rehema: Hii. Majina mpaka sasa: Rehema, Husna. Wa Sele wanangoja jibu la karatasi. Gari ya Boma haijapatikana. Bakari, mraba tayari?

[05:50] Bakari Fundi: Pande tatu