Sabufa moja kubwa au mbili kwa chumba cha sinema cha mita 9 kwa 6?

Mkaazi wa Nyali
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimekamilisha chumba cha kutazamia filamu hapa nyumbani, chenye urefu wa mita 9, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe na sakafu ni ya zege. Viti viko safu mbili: ya nyuma imeegemea ukuta, na ya mbele iko kama mita 2 na robo kutoka ukuta huohuo. Sabufa (spika ya besi) niliyo nayo ni ya inchi 12, nayo imekaa kwenye pembe ya mbele. Wazee wangu wanaoketi nyuma hulalamika kwamba besi inawavuma vifuani, ilhali watoto walio mbele yao wakati mwingine hawaisikii kabisa. Muuzaji ananihimiza ninunue ya inchi 18. Je, ukubwa ndio dawa?

Fundi wa Tudor
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tafadhali usiinunue kwanza. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 38 (mitetemo 38 kwa sekunde) lina urefu wa mita 9, sawa na chumba chako. Kuta za mawe haziifyonzi besi, hivyo wimbi hilo hurudi na kujaa kwenye ukuta wa mbele, wa nyuma na katikati ya chumba, kisha hufifia kwenye robo ya urefu kutoka kila upande, yaani mita 2.25. Hapo hasa ndipo walipo watoto, na wazee wamekaa pale linapojaa. Sabufa ya inchi 18 katika pembe ileile itawasumbua wazee zaidi, na pengo la watoto litabaki.

Nunua mbili zinazofanana. Moja ikae ukuta wa kushoto, mita 2.25 kutoka mbele. Nyingine ukuta wa kulia, mita 2.25 kutoka nyuma. Zikiwa hapo haziliamshi wimbi la hezi 38, na kwa kuwa zimekaa kimshazari, huzimiana katika mawimbi ya hezi 19 yanayokwenda kwa urefu wa chumba na ya hezi 29 hivi yanayokwenda kwa upana wake. Safu zote mbili za viti zisogee mbele, hata kama ni mita moja tu.

Msikilizaji wa Kizingo
Naafiki, ila sabufa ya kulia itakuwa kando ya viti, na sikio litaitambua ikipewa sauti za juu. Kwenye risiva (amplifaya inayogawa sauti kwa spika), mpaka wa sauti zinazopelekwa kwenye sabufa usizidi hezi 80. Kwa chumba cha mita za ujazo 162 mimi ningechagua sabufa yenye kasha lenye tundu, kwa sababu hutoa nguvu zaidi karibu na hezi 20, ingawa chini ya hapo hushuka kwa desibeli 24 kila oktavi (kila hezi zinapopungua kwa nusu), na lililozibwa hushuka kwa 12. Hapa pwani, chagua koni yenye ukingo wa mpira, kwani sponji huchakaa upesi kwa unyevu. Ukiagiza Marekani, hakikisha amplifaya inakubali volti 240.

Mkaazi wa Nyali
Ahsanteni sana. Shida ni kwamba mlango uko ukuta wa kulia, papo hapo penye mita 2.25 kutoka nyuma.

Fundi wa Tudor
Basi badilisha pande: ya mbele iwe kulia, ya nyuma iwe kushoto, hesabu haibadiliki. Kabla hujachimba ukuta kupitisha nyaya, zilaze sakafuni kwa muda, kisha upime katika kila kiti kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hailipiwi, kwa maana mlango na madirisha huweza kuyahamisha kidogo mawimbi hayo. Ukiona kiti kimoja bado kina pengo, isogeze sabufa ya nyuma sentimita chache chache na upime tena, na kisawazishi cha risiva (kinachopandisha au kushusha sauti za hezi fulani) ukiguse mwisho kabisa.