Tupeane uzoefu: Je, kamera ndogo zisizo na kioo zaweza kuchukua nafasi ya DSLR zetu?

Bint Kuze (mwenye uzi)

Salaam aleikum wanajamvi. Huu ni mwaka wangu wa kumi nikipiga picha za harusi hapa Mombasa, upande wa wanawake. Miaka yote hiyo nimefanya kazi kwa DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, Canon 5D Mark III ile iliyotoka 2012, na lenzi mbili za f/2.8, zenye mdomo mpana wa kuingiza mwanga: ya milimita 24-70 na ya 70-200. Kamera ikiwa na betri na kadi ina gramu 950. Hiyo 70-200 peke yake ni gramu 1,490. Nikiinua mikono kumsubiri bi harusi aingie ukumbini, nimeinua karibu kilo mbili na nusu, na hapo bado flashi.

Juzi kwenye kupamba moja huko Tudor, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi, mkono ulinishinda. Ilikuwa yapata saa tano usiku, nimesimama tangu magharibi. Nyanya wa bi harusi akapandishwa jukwaani kwa kushikwa huku na huku, akamfunua mjukuu mtandio kwa vidole viwili, taratibu, kisha akamshika kidevu. Nilikuwa na 24-70 mkononi, ambayo haina kitulizo cha mtikisiko. Nilipofika nyumbani nikaifungua picha kwenye kompyuta: uso wa nyanya umevutika, nyusi zimekuwa jozi mbili. Mnajua kupamba kwetu kulivyo, simu zote huachwa mlangoni. Kamera inayoingia ni yangu tu. Nikiikosa picha, hakuna mtu mwingine duniani aliye nayo.

Nimeambiwa nihamie mirolesi, yaani hizi zisizo na kioo ndani. Walionitangulia naomba mnieleze mliyoyaona kazini, kwa joto letu na chumvi yetu. Uzito unapungua kweli? Na lenzi zangu nitazipeleka wapi?

Jicho la Nikaha

Waaleikum salaam dada. Pole kwa picha ya nyanya.

Mimi hupiga nikaha misikitini, nikatoka DSLR ya Nikon D750 nikaingia mirolesi yao ya Z6. Kwenye mizani, D750 na betri yake ni gramu 840, Z6 ni 675. Tofauti haifiki hata robo ya sukari. Mtu akihama kwa ajili ya hizo gramu peke yake atajuta.

Kilichonibadilishia kazi ni ukimya. DSLR kila ukibonyeza, kioo kinaruka juu na kurudi, na ndani ya msikiti sauti ile inagonga kuta zote. Maimamu wawili watatu walishanigeukia katikati ya khutba. Nikawa nangoja khutba iishe, nipige pale wanaposhikana mikono, basi. Sasa naweka shata (kifungua mwanga) ya kimyakimya, nakaa nyuma ya walii, napiga bwana harusi anapomeza mate kabla ya kusema "nimekubali". Picha hizo za koo na midomo sikuwa nazo kabisa zamani.

Ila sikiliza hili. Kumbi zetu siku hizi zina taa za LED kila pembe. Ukipiga kimyakimya chini ya taa hizo utapata mistari ya giza na mwanga kwenye picha, kwa sababu sensa, kile kipande kinachonasa picha, inasoma mstari kwa mstari huku taa nayo inapepesa haraka kuliko jicho linavyoona. Niliharibu ukumbi mzima hivyo, meza sita za wageni. Ukumbini rudisha shata ya kawaida.

Na lenzi: ile 50mm f/1.8D yangu ya zamani ilikuwa ikizungushwa na mota iliyo ndani ya D750. Adapta ya FTZ, kiungo cha kuvalisha lenzi za zamani kwenye Z6, haina mota hiyo. Inashika vizuri, lakini fokasi ni kwa mkono.

Mama Ngina Jioni

Mimi nina maoni tofauti na nitayasema. Nafanya kazi pale ufukweni Mama Ngina, Jumapili watu wanapokuja kula mihogo na kupunga upepo, wanaangalia meli zikiingia Kilindini. Kamera yangu ni DSLR ndogo, Nikon D3400. Ina gramu 445 na betri ndani. Nendeni mkaangalie Sony A7 III, mirolesi inayosifiwa, ni gramu 650. Sasa kubwa ni ipi? Watu wanasema DSLR kama kwamba zote ni mawe.

Betri ya D3400 imepimwa picha 1,200 kwa chaji moja. Canon RP, mirolesi, imepimwa 250. Mirolesi inawasha sensa na skrini muda wote unaochungulia. Mimi kwenye kidirisha changu natazama nje kwa kioo, kama mtu anayetazama dirishani, betri imelala. Siku ya Idi sina nafasi ya kukimbilia chaja. Familia imepanga mstari, watoto wamevaa viatu vipya vinavyowabana, ukichelewa dakika mbili wamelia.

Kwa hiyo dada, kwanza jiulize ni mwili wa kamera unaokuchosha au ni lenzi.

Bint Kuze

Mama Ngina Jioni, umenigusa penyewe. Sikuwahi kuzipima kando kando.

Fundi wa Makadara

Mwanangu, huyo kaka Mama Ngina Jioni amesema jambo ambalo wateja wangu huligundua wakishalipa.

Nimefungua kamera miaka mingi, nitakueleza kilichomo. Kwenye DSLR za Canon, kutoka pale lenzi inaposhika hadi kwenye sensa ni milimita 44. Nafasi hiyo ni ya kioo kupata pa kurukia. Kwenye mirolesi zao ni milimita 20. Ndiyo sababu mwili umekuwa mwembamba, na ndiyo sababu lenzi zako za zamani zinaingia: adapta ni bomba tu la kurudisha zile milimita 24, halina kioo chochote ndani cha kuharibu picha. Lenzi zako mbili zitafanya kazi na fokasi itakuwa ileile au bora, maana sensa yenyewe ndiyo inayopima. DSLR inapima kwa sensa nyingine iliyo chini ya kioo, na hiyo ikipotoka kidogo, macho yote yanakuwa mbele au nyuma ya fokasi. Hizo nilikuwa nikizirekebisha kila mwezi.

Lakini lenzi haijui kama kuna kioo au hakuna. Ukitaka f/2.8 kwa sensa kubwa, vioo vyake lazima viwe vipana. 24-70 yako, ile toleo la pili, ni gramu 805. Ile mpya ya mirolesi, RF 24-70 f/2.8, ni gramu 900. Imezidi! Imezidi kwa sababu wameweka kitulizo cha mtikisiko ndani. 70-200 ndiyo iliyopungua kweli, kutoka 1,490 hadi 1,070.

Sasa chumvi na unyevu. DSLR ukitoa lenzi, kioo kimeziba sensa. Mirolesi nyingi ukitoa lenzi sensa iko wazi, inakutazama. Kuna zinazofunga shata zikizimwa, kama EOS R, lakini si zote. Watu wanabadilisha lenzi wakiwa wima ufukweni Bamburi, kusi inavuma, halafu wananiletea sensa yenye mchanga. Zima kamera, elekeza mdomo wake chini, geuza mgongo upepo ulipo, lenzi ya pili iwe tayari imeshafunguliwa kifuniko.

Kuvu hakuchagui kamera. Lenzi inayokaa kwenye begi la kitambaa chumbani, mlango umefungwa, msimu wa masika, itaota nyuzi kama za buibui. Tia kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vipakiti vya silika ndani. Vipakiti vikichoka vikaushe. Na kila wiki itoe lenzi ipate mwanga. Nimesema haya kwa watu wengi, na wengi wamerudi kwangu na lenzi iliyokwishaliwa rangi yake ya ndani. Inaniuma kuwaambia haitengenezeki.

La mwisho: tangu 1D X Mark III na D6 za mwaka 2020, Canon na Nikon hawajatoa DSLR nyingine kubwa. Pentax ndio bado wameshikilia. 5D yako itaendelea kupiga, ila shata yake ilikadiriwa mara 150,000. Wewe umefika wapi?

Kona ya Mbaraki

Mimi hupiga picha za mpira. Nilikuwa na DSLR ya Canon 7D Mark II, picha 10 kwa sekunde, sasa nina mirolesi inayopiga 30 kwa shata ya kimyakimya. Ila kwa shata hiyo mpira uliopigwa kwa nguvu unatoka kama yai, na mguu wa mshambuliaji umepinda. Mambo yaleyale aliyosema Jicho la Nikaha, sensa inasoma mstari kwa mstari. Narudi kwenye shata ya kawaida, 15, zinatosha. Fokasi ya kufuata macho ya mchezaji lakini, hiyo siwezi kuirudisha nyuma.

Kijana wa Likoni

Naomba nami nichangie japo mimi ni mdogo kwenu. Natumia mirolesi ndogo, Sony A6000, gramu 344 na betri. Naweka na lenzi ndogo kwenye begi la chakula, napanda feri, hakuna anayejua nimebeba kamera. Kwa mtu anayevuka saa nne usiku akitoka kazini, hilo ni jambo kubwa kuliko megapikseli.

Lakini mara ya kwanza nilipokwenda harusini Mtongwe, mama wa bwana harusi alinitazama mikono, akaniuliza mbele ya watu, "Kamera ndiyo hii tu?" Akamwambia mwanawe kwamba wamedanganywa, pesa iliyobaki isitolewe mpaka picha zionekane. Siku ile nilifanya kazi macho yote mgongoni mwangu. Sikumjibu. Nilipomaliza nilichagua picha arobaini, nikazichapa kubwa, nikampelekea mwenyewe nyumbani. Alizishika moja moja, akazipanga kwenye mkeka. Pesa alinipa na chai nikanywa. Sasa ndiye anayeniita kwenye harusi za ukoo wao.

Nasema hivi kwa sababu dada ataulizwa swali hilohilo. Chukua albamu ya kuchapwa uwe nayo kwenye begi kabla hawajauliza.

Nyali Asubuhi

Fupi tu. Kamera yoyote, ukiitoa kwenye chumba cha hoteli chenye AC ukaenda nayo moja kwa moja ufukweni, lenzi inatoka jasho papo hapo, na ukifuta inarudi. Maharusi wangu walisimama juani wakiningoja dakika ishirini. Sasa begi naliacha nje kwenye baraza, limefungwa, nusu saa kabla. Pia ukirekodi video ndefu mchana wa Februari, hizi ndogo hupata moto zikajizima. Nipigapo video natafuta kivuli kwanza.

Bint Kuze

Nimerudi wanajamvi. Sikutaka kujibu kabla sijajaribu.

Nimeazimwa Canon R6 na adapta, nikaingia nayo ukumbini Jumamosi. Fundi, mzee wangu, nimeanza kwa mizani kama ulivyonifunza. R6 na betri ni 680, adapta 110, 24-70 yangu 805. Jumla 1,595. Seti yangu ya zamani ni 1,755. Nimeokoa gramu 160. Saa mbili za mwanzo sikuhisi tofauti yoyote begani.

Kilichonishangaza ni kitulizo. R6 inayo ndani ya mwili wake, sensa yenyewe inaelea ikifuata mkono, kwa hiyo 24-70 yangu isiyokuwa nacho ikakipata. Wanawake walikuwa kwenye vugo, ile ngoma ya kugonga pembe za nyati, taa zimepunguzwa, nikapiga kwa kasi ndogo ambayo kwa 5D nisingethubutu, na pembe zikatoka zimetulia, na mkono wa mpigaji pekee ndio uliovutika. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

Kisha yapata saa nne nikaitoa 24-70 (kamera imezimwa, mdomo chini, nimegeuzia feni mgongo) nikatia 50mm ndogo ya f/1.8 ya mirolesi, gramu 160. Kamera nzima ikawa 840, chini ya 5D ikiwa tupu. Hapo ndipo bega lilipojua. Nilipiga mpaka saa saba usiku na sikuona mkono ukitetemeka.

Matatizo nimeyaona. Fokasi ya macho ilishika darizi za mtandio badala ya jicho, mara tatu, mpaka nikaweka kidoti cha fokasi kwa mkono. Betri zangu tatu za 5D zilikubali kwenye R6, nikazitumia zote tatu. Kwa 5D huwa siifikii ya tatu. Na shangazi mmoja akauliza, kama alivyosema Kijana wa Likoni, mbona kamera imepungua. Nilikuwa na albamu. Ahsante mdogo wangu.

Saa sita hivi, mama wa bi harusi alikaa chini ya jukwaa, amevua viatu, amemtazama mwanawe tu, machozi yanashuka na hayafuti. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kwa 5D angesikia mlio wa kwanza na kujifunika uso. Nimepiga picha saba. Hakugeuka. Asubuhi nilimwonyesha kwanza yeye peke yake, kabla ya mtu yeyote, nikamuuliza kama iingie kwenye albamu ya familia. Alikaa kimya, halafu akasema iingie, lakini ukurasa wa mwisho.

Nimeamua kununua. 5D inabaki kuwa ya akiba, siiuzi. 24-70 inabaki na adapta. 50mm ndiyo nitakayoitumia zaidi. 70-200 nitaiuza, kwa sababu katika ukumbi wa wanawake nasogea karibu, na kumbe miaka yote hii nilikuwa nikiibeba kwa ajili ya dakika tano za kuingia ukumbini.

Fundi, hiyo 70-200 naileta kwako Jumatatu baada ya adhuhuri. Naomba uimulike kwa tochi pande zote mbili kabla sijamwambia mtu kwamba haina kuvu.