Naombeni ushauri: prosesa ipi kwa laptopu ndogo ya ofisi, bajeti laki nne na nusu (Tabora)

Mwana Sikonge
Wakuu, habari za majukumu. Natafuta laptopu ndogo ya kazi za ofisi, bajeti laki nne na nusu. Nimeona mbili Tabora mjini, bei hazipishani sana. Moja mpya ya kwenye boksi, inchi 11, Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, hifadhi GB 64. Nyingine mtumba, inchi 12, i5, RAM 8, HDD (diski inayozunguka) GB 500. Wengine wananiambia chukua mpya, wengine wanasema i5 ni i5. Prosesa ipi itanifaa? Keshokutwa naenda mjini. Nawasilisha.

FundiChipu
Hiyo "i5 ni i5" ndiyo inayowauzia watu makopo. Jina i5 lipo tangu 2009. Soma namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7200U cha 7, i5-8250U cha 8. Kati ya hizo mbili za mwisho ndipo ilipo tofauti kubwa, maana ya 7 ina viini 2 (wenyewe wanaita core), ya 8 ina viini 4 na nyuzi 8 (thread, njia za kazi zinazokwenda kwa pamoja). Nyuzi za prosesa, si nyuzi za humu. Ukikuta herufi Y ndani ya namba, mfano i5-7Y54, hiyo ni ya wati 4.5, jina la i5 na mwili wa kitu kingine.
Taja namba kamili. Na "kazi za ofisi" ndiyo kazi gani?

Mgebuka Mkavu
Kazi za ofisi ni tamthilia za Kikorea na kucheza karata. N4020 inatosha, chukua uende zako.

Penguini wa Ujiji
Mnaanzia mbali, tazameni hifadhi kwanza. Hiyo 64 ya kwenye Celeron ni eMMC, imechomelewa kwenye ubao, haitolewi kuwekwa kubwa. Windows 11 yenyewe inadai 64 kama kima cha chini, kwa hiyo ukishaweka Office na sasisho moja kubwa, utaishi kwa kufuta mafaili. RAM 4 mara nyingi nayo imechomelewa. Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mashine ipumue. LibreOffice, Office yake ya bure, inafungua Excel vizuri tu.

Mwana Sikonge
Asanteni. Mkuu FundiChipu, ni i5 kizazi cha 8, muuzaji kaniambia, na ina Windows 11. Kazi ni Excel, barua, na mfumo wa mtandaoni. Linux hapana, nisije nikafungua faili la mtu likavurugika.

Bi Mizani
Kuna neno unalimeza, mdogo wangu. Mfumo gani wa mtandaoni? Mafaili ya watu gani?

Mwana Sikonge
Shikamoo dada. Ni chama cha msingi (AMCOS) cha wakulima wa tumbaku. Mfumo ni MUVU, ule wa kusimamia vyama vya ushirika. Excel ina wanachama 640, marobota, madeni ya pembejeo, makato. Sikuona kama inahusiana na prosesa.

Bi Mizani
Marahaba. Inahusiana sana. Hela ya chama inanunuliwa kitu kwa ushauri wa "i5 ni i5"? Bodi imepitisha? Risiti ya EFD itatoka? Mtumba wa mkononi bila risiti, mkaguzi akija utamwonyesha nini, stika?

FundiChipu
Turudi kwenye kazi. Mistari 640 si kitu kwa prosesa yoyote hapo juu. Kinacholemea ni Excel, Chrome yenye kurasa sita na WhatsApp ya kwenye kompyuta, vyote kwa pamoja. Kwa RAM 4, Windows ikishachukua ya kwake unabaki na kiduchu, inaanza kukopa nafasi kwenye hifadhi. Kwenye eMMC au HDD, hapo ndipo mshale unaganda ukadhani prosesa imekufa. N4020 ina viini 2, ni ya mwaka 2019, na haina nguvu ya akiba ya kuficha hilo.
Mfumo wa mtandaoni ukichelewa kufunguka, lawama ya kwanza iende kwa bando na mnara wa huko kwenu.
Ninachokishauri ni kimoja kati ya hivi: Intel N100 yenye RAM 8 na SSD (hifadhi ya chipu, haizunguki), au mtumba wa i5-8250U au 8350U, za wati 15. N100 ni ya 2023, viini 4, wati 6, na kwa kazi zako inakwenda sambamba na 8250U. N4020 haizikaribii.

Isevya Junior
Na Ryzen, prosesa za AMD, je? Muwe waangalifu na Ryzen 3 7320U. Watu wanaona 7000 wanadhani ni teknolojia ya juzi. Tarakimu ya tatu ndiyo inayosema ukweli: 2 maana yake Zen 2, muundo wa zamani. Ina viini 4, si mbaya, ila RAM yake haiongezeki, kwa hiyo ya GB 4 usiiguse.

Mwana Sikonge
Sasa N100 ya mtumba nitaipata wapi Tabora? Nikiangalia naona i5 tu. Mimi naona kama i5 inanifaa, mnaonaje? Wati 15 si nyingi kwa sola?

FundiChipu
Sola imetoka wapi tena?

Mwana Sikonge
Ofisi ipo kijijini, umeme haujafika. Tuna paneli ya wati 100, betri ya N70 na invata. Kuna taa tatu na wakulima wanachaji simu.

FundiChipu
Hilo ndilo lingekuwa sentensi ya kwanza.
Piga hesabu. Betri ya N70 ni volti 12 mara Ah 70, sawa na Wh (wati-saa) 840. Ya maji kama ya gari usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Unabaki na 420, toa taa na simu. Laptopu ya N100 kwa Excel na kivinjari, pamoja na kioo, inakula kama wati 10 hadi 12. Ya i5 yenye U mwishoni mwa namba wati 12 hadi 20, na ikikurupuka kwenye sasisho inapanda juu ya 30. Kwa saa 8 ni kama Wh 90 dhidi ya 130. Hizo wati 6 na 15 zinazoandikwa ni kipimo cha joto, usizizidishe kwa saa ukadhani umepata matumizi. Zote mbili betri inazibeba.
Mwizi wako ni invata. Ikiwa imewashwa tu bila kazi inakula, na chaja nayo inapoteza kidogo kurudisha umeme kwenye DC, yaani umeme wa aina ya betri. Tafuta laptopu inayochajiwa kwa USB-C, nunua chaja ya gari ya wati 65 yenye PD (utaratibu wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C), ichomeke moja kwa moja kwenye volti 12. Kama ni tundu la duara, utahitaji kifaa cha kupandisha 12 hadi 19.5. Dell nyingi zina kisindano cha kati kinachoitambua chaja. Isipotambulika, betri haichaji na prosesa inapunguzwa kasi kwa makusudi.

Mgebuka Mkavu
Na asithubutu kuchomeka printa ya leza kwenye hiyo invata. Kijiji kizima kitajua mmechapisha.

Bi Mizani
Mwana Sikonge, unaitetea hiyo i5 kama posa iliyokwisha kupokelewa. Umeshalipa?

Mwana Sikonge
Nimetoa advansi laki moja na nusu. Si yote. Muuzaji ni mtu wa ibada, tunasali pamoja. Na Windows 11 ipo, nyie wenyewe mnajua Windows 11 haikubali chini ya kizazi cha 8. Picha hizi hapa, alinitumia.

FundiChipu
Windows 11 si ushahidi. Rasmi inaanzia kizazi cha 8, ila kwa programu kama Rufus unaandaa flashi inayoruka ukaguzi huo, inaingia hata kwenye cha 6.
Nimezikuza picha. Ya kwanza, ukurasa wa taarifa za mfumo: i5-8250U, 1.60 GHz. Ya pili, sehemu ya chini ya Task Manager: kasi ya msingi 2.50 GHz, viini 2, nyuzi 4, L3 (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) 3.0 MB. 8250U ina viini 4, nyuzi 8, L3 MB 6. Picha hizi hazionyeshi prosesa moja.

Isevya Junior
Chai! Nilijua tangu mwanzo. Mtu anaomba ushauri wa prosesa, mara AMCOS, mara sola, mara advansi, mara picha za kuunga. Huyu ni dalali anapima upepo, au anatungia watu hadithi apate wachangiaji. Mods fungeni huu uzi.

Mgebuka Mkavu
Chai ya Sikonge ina asali ndani, acheni tunywe.

Penguini wa Ujiji
Mimi nashangaa mbona sehemu ya juu ya picha ya pili imekatwa, pale panapoandikwa jina la prosesa. Mtoa mada, umekata wewe?

Mwana Sikonge
Wallahi sijakata kitu, zimekuja hivyo. Mimi hata hiyo L3 siijui. Kama ningekuwa natunga si ningetunga namba zinazofanana?

FundiChipu
Hapo amesema kweli. Mtungaji angenakili zote sehemu moja. Jina la prosesa linaloonekana kwenye ukurasa wa mfumo Windows inalisoma kwenye rejista (hazina ya mipangilio yake), na mtu anaweza kuliandika upya. Mashine ikizimwa na kuwashwa jina linarudi la kweli, kwa hiyo wajanja wanaweka faili dogo linaloliandika tena kila inapowaka. Idadi ya viini na L3 haikuguswa. Viini 2, 2.50, MB 3: hiyo inalingana na i5-7200U.
Ukifika dukani, usiwashe Windows. Zima kabisa, washa huku unagonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 au F2 kwa Lenovo. Ndani ya BIOS, programu ya ubaoni inayowaka kabla ya Windows, kuna mstari wa aina ya prosesa. Huko faili lake halifiki.
Kisha ingia Windows, fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika powercfg /batteryreport. Inatengeneza faili, linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa.

Isevya Junior
Nasubiri picha ya BIOS. Isipoletwa, narudia: chai.

Mwana Sikonge
Nimerudi. Picha hiyo. BIOS inasema i5-7200U. Betri kiwandani mWh 46,000, sasa 21,000. Muuzaji anasema na yeye aliletewa hivyo kutoka Dar, hakujua. Anapunguza elfu sabini. Kusema kweli nafikiria kuichukua hivyo hivyo, 7200U si bado ina nguvu kuliko ile Celeron?

FundiChipu
Ina nguvu kuliko N4020, ndiyo. Lakini hesabu ya 21,000 kwa wati 15 ni kama saa moja na dakika 24, halafu unarudi kwenye invata. HDD lazima itoke, maana hiyo haipendi bodaboda ya Sikonge. SSD ya SATA ya GB 256 na betri mpya vinameza punguzo lote. Na Windows 11 iliyoingizwa kwa mlango wa uani, sasisho kubwa la mwaka likija huenda ukalazimika kuliweka kwa mkono. Kurudi Windows 10 nako, msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025.

Penguini wa Ujiji
Ndiyo maana nikasema Mint.

Isevya Junior
Picha nimeiona. Nafuta neno chai, nabakiza la dalali kwa muuzaji.

Bi Mizani
Aliyebadilisha jina la prosesa hakufanya kwa kutojua, awe yeye au aliyemletea. Dai hela ya wakulima yote, kwa maandishi, leo.

Mwana Sikonge
Amerudisha laki moja. Hamsini anasema ataleta Jumapili ibadani. Kuna mtu Kanyenye ana N100, RAM 8, SSD 256, anataka laki tano na ishirini. Tundu la chaji ni la USB-C, ila sijui kama lina hiyo PD mnayosema.

FundiChipu
Geuza chaja yake, soma mstari wa kutoa. Ikiandika 5V, 9V, 15V na 20V, hiyo ni PD. Ikiandika 12V peke yake, basi ni umbo tu la USB-C, chaja ya gari ya PD inaweza isikubaliane nayo. Piga picha, tuma kabla hujatoa hata mia.