Kaya mbili, kipato kimoja, matumizi tofauti: kwa nini?

Swali: Wakuu, salaam. Naandaa dodoso la matumizi ya kaya katika nchi inayoendelea. Kuna kitu kinanisumbua: kaya mbili zikiwa na kipato sawa kwa mwaka, moja inaweka akiba, nyingine inaishi kwa kukopa. Vitabu vinataja kipato, bei, riba na kodi. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu, anzia pesa inavyoingia. Mwanauchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hutumia kwa kuangalia kipato anachokitarajia kwa muda mrefu, si cha mwezi huu tu. Sasa mweke mwenye mshahara karibu na kibarua asiyejua kama kesho ataitwa. Huyu wa pili hununua sabuni kipande kwa kipande. Jumlisha vipande hivyo, utakuta amelipa zaidi ya aliyenunua mche mzima. Halafu anaambiwa hana mpango! Inaniuma sana kusikia hivyo, maana mpango anao; asichonacho ni pesa ya mche mzima kwa siku moja.

Jibu: Naunga mkono, ila bei usiiweke pembeni. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857, kwa bajeti za familia za Ubelgiji, kwamba kadiri kaya ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Ndiyo maana chakula kikipanda, mfumuko wa bei unaotangazwa kwa wastani hausemi hali ya kaya hizo. Na sarafu ikishuka thamani kwenye nchi inayoagiza mafuta nje, nauli nazo hupanda.

Muulizaji: Asanteni. Na riba ya benki kuu?

Jibu (yule wa kwanza): Kwa kaya nyingi haifiki moja kwa moja, kwa sababu hawakopi benki, wanakopa kwa ndugu, dukani, kwenye kikundi. Kodi ndiyo inawafikia: ile ya ongezeko la thamani hulipwa hata na asiye na ajira rasmi, kila anaponunua bidhaa inayotozwa. Kwenye dodoso lako usiishie kuuliza "unapata kiasi gani". Uliza pesa iliingia siku zipi, nani wa nje ya kaya anawatumia pesa au anawategemea, na mara ya mwisho mtu alipougua, walikata matumizi gani kwanza. Hilo la mwisho lipe nafasi ndefu ya kuandika.