MJADALA: Mtu huchagua chama kwa maadili yake, au maadili huja baadaye kukitetea chama?

Mwana wa Ujiji (mwanzisha mada)

Mwakeye wakuu. Kila uchaguzi ukikaribia, hapa Kigoma, iwe Ujiji au Mwanga, utasikia mtu anajigamba: mimi nipo chama fulani kwa sababu kinasimamia haki. Mwingine: mimi nipo huku kwa sababu huku kuna heshima na utulivu. Maneno mazito kweli.

Sasa subiri wagombea waanze kupita mitaani. Akigawa kanga na hela ya soda mgombea wake, huyo ni mkarimu, ameshika mkono wa wazee, amelelewa vizuri. Akigawa wa upande wa pili, mtaa huohuo na kanga za duka lilelile, hiyo ni rushwa, na ahadi ya mwana-TANU inatolewa kabatini: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa."

Msidhani ni ujinga wa vijiweni peke yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa inamtanguliza mwenye fedha na kumbana asiye nazo kinyume cha Katiba. Miaka sita nchi nzima tulikuwa na kitendo kimoja chenye majina mawili, na jina ulilotumia lilitegemea zaidi kadi uliyonayo mfukoni.

Mfano mkubwa zaidi mnaujua. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura. Mwenyewe alisisitiza siku zote kwamba hana hatia. Kwa miaka saba wapinzani walimtaja kila walipotaja ufisadi, na wana-CCM wengi walimtetea. Julai 2015 akahamia CHADEMA akawa mgombea urais. Ndani ya wiki chache waliokuwa wanamwita fisadi wakawa wanamwita mwathirika, na waliokuwa wanamtetea wakagundua ghafla kwamba wanachukia ufisadi. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, alijitenga, na wachache pamoja naye. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, na nyimbo zikageuzwa tena.

Na hapa kwetu je? Jimbo la Kigoma Mjini tangu 1995 limekuwa la CHADEMA, likawa la CCM, likawa la ACT-Wazalendo mwaka 2015, likarudi CCM 2020. Dk. Kabourou aliyelichukua kwa CHADEMA naye baadaye alihamia CCM. Katika miaka hiyo yote maulidi ya Ujiji ni yaleyale, mahari inajadiliwa vilevile, na mtoto asiyeamkia wazee anakemewa vilevile. Maadili hayakubadilika kila jimbo lilipobadilika.

Hoja yangu: chama kinatangulia, maadili yanaitwa baadaye kuja kutoa ushahidi. Anayebisha aje na mfano.

Kijana wa Gungu

Tumbo, mkuu. Fungeni mjadala tukalale.

Mwalimu, Kasulu

Gungu, ngoja kwanza, usifunge duka mapema.

Swali hili lina utafiti mwingi. Mwaka 2009 Jesse Graham, Jonathan Haidt na Brian Nosek walichapisha matokeo yaliyosambaa sana: watu wa mrengo wa kushoto, hasa Marekani, hupima jambo zaidi kwa huruma na haki, wa mrengo wa kulia huchanganya hayo na utiifu kwa kundi lao, heshima kwa mamlaka, na usafi wa mwili na roho. Yaani maadili ndiyo shina, siasa ni tawi. Mwaka 2019 Peter Hatemi, Charles Crabtree na Kevin Smith wakaja na takwimu za watu waliohojiwa zaidi ya mara moja katika nyakati tofauti, wakasema kinyume: msimamo wa kisiasa unatabiri mtu atakavyobadili maadili yake, kuliko maadili yanavyotabiri msimamo. Kwa hiyo mwanzisha mada ana watu wa kumuunga mkono.

Lakini asifurahi haraka. Vipimo hivi vilianzia kwa jamii za Magharibi zenye elimu na kipato, na tangu 2010 Joseph Henrich na wenzake wamekuwa wakilalamika kwamba jamii hizo ndizo zisizofanana na walimwengu wengine. Vilete huku uone. Chukua baba wa CCM na mwanawe wa ACT. Mwambie kila mmoja kwamba binti wa nyumba hiyo ameondoka na mwanaume bila posa wala wazee kujulishwa. Watakasirika kwa sauti moja. Heshima kwa wakubwa, usafi, kutouza ndugu: haya wote wanayo, na kwa kiwango kikubwa. Kitu ambacho kila mtu anacho hakiwezi kukueleza kwa nini huyu kapiga kura kule na yule huku. Ndiyo maana mifano ya mwanzisha mada inaonekana ina nguvu. Haionyeshi kwamba maadili hayafanyi kazi, inaonyesha kwamba vyama vyetu havijagawana maadili.

Na kwa kweli vingegawanaje? CCM inazungumza ujamaa na utulivu kwa pumzi moja. ACT-Wazalendo ilipotoa Azimio la Tabora mwaka 2015 ilikuwa inalihuisha Azimio la Arusha la 1967. Wote wanagombania marehemu mmoja, Nyerere.

Mvuvi, Kibirizi

Mwalimu umesema vizuri ila unazunguka sana. Mimi nitatoa mfano ambao chama hakikusaidia kitu.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, sisi pamoja na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu dagaa na migebuka wazaliane. Hapa Kibirizi chanja za kuanikia dagaa zikabaki tupu. Kama maadili yanafuata chama, wa CCM wote wangesema serikali imefanya vema na wapinzani wote wangepiga kelele. Haikuwa hivyo. Nilimsikia balozi wetu wa nyumba kumi, kada wa siku nyingi, analaani mpaka mate yanaruka. Nikamsikia kijana wa upinzani, mwenye mitumbwi yake, anatetea kufungwa kwa ziwa kuliko hata afisa uvuvi: samaki wamepungua, nyavu zina macho madogo, tukiendelea hivi watoto wetu watakula nini.

Gungu atasema tumbo. Kweli, mwenye mitumbwi ana akiba na mbeba wavu hana. Lakini sikiliza walivyobishana. Hakuna aliyesema "mimi nina njaa" akanyamaza. Mwenye chombo alisema: ziwa limefungwa kwa wote, tajiri na maskini, hakuna aliyependelewa, hiyo ndiyo haki. Mbeba wavu akajibu: mimi ninayelipwa kwa mgawo wa usiku mmoja mmoja serikali imenifunga miezi mitatu, na yeye imemfunga wiki mbili, kwa sababu ndani ana gunia za mchele; haki gani hiyo? Wote wawili wanadai haki. Wanaidai kwa mizani mbili.

Mwalimu, Kasulu

Hapo hapo Mvuvi. Hata waliotengeneza kile kipimo cha kina Haidt wamelazimika kukirekebisha: toleo la 2023 limeigawa haki mafungu mawili, usawa kwa wote na kila mtu kupata anachostahili. Wangepita Kibirizi wangeokoa miaka.

Mnyamwezi wa Cheyo, Tabora

Mwangaluka, na kwa watani wetu wa Kigoma pia, japo mnapenda kuongea mpaka asali inaganda.

Mwanzisha mada anataka mfano. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU, hapa hapa Tabora. Mkoloni ameleta uchaguzi wa kura tatu: ukitaka kupiga kura yako lazima uchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo imeharibika. Juu yake masharti ya kipato, elimu au cheo, ili wengi wasifike kwenye sanduku. Kila mjumbe aliyeingia ukumbini aliona huo ni udhalimu. Hakuna aliyekuja kuutetea.

Nyerere akawashawishi waingie katika uchaguzi huo hivyo hivyo, kwa hoja kwamba wakisusa, viti vitakwenda kwa vibaraka. Ndiyo wakauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu akasema hapana, hatuwezi kupigia kura ubaguzi ili tuuondoe ubaguzi, akatoka na kuunda chama chake, African National Congress. TANU ikafagia viti 1958 na 1959. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura zaidi kidogo ya 21,000, na Nyerere zaidi ya milioni moja.

Tuliosoma Tabora tumefundishwa kwamba mmoja alikuwa na busara na mwingine alikuwa na jazba. Mimi sikubali. Walikuwa na kidonda kimoja. Walichotofautiana ni je, unaruhusiwa kukanyaga tope ili uvuke? Hilo nalo ni swali la maadili, tena gumu kuliko "wewe unapenda haki au hupendi", na hapo chama hakikumtangulia Mtemvu. Alikuwa mwana-TANU. Msimamo ndio uliomtoa chamani. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe naye: waziri wa sheria wa kwanza wa nchi, akaondoka serikalini mapema nchi ikielekea chama kimoja, na vyama vingi viliporudi 1992 alikuwa tayari na chake, UMD.

Kwa hiyo Mwana wa Ujiji, watu wako wa kanga wapo, ni wengi. Ila ukiwapima wanadamu wote kwa siku ya kugawa kanga utakuta wote wananuka.

Mwana wa Ujiji

Mkuu wa Cheyo, Mtemvu nakupa. Lakini ona hesabu yenyewe: 21,000 kwa milioni. Anayetoka kwa msimamo ni mmoja, wanaobaki na kutafuta maelezo ni umati. Mimi nauliza kuhusu umati.

Mama wa dagaa, Mwanga

Wanangu hamjambo. Nimewasoma wote, mmetaja haki mpaka imechakaa. Mbona hakuna aliyetaja amani?

Mei 2015 mlikuwa wapi? Wakimbizi wa Burundi walijaa Kagunga, maelfu kwa maelfu, kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, meli ya Liemba inawaleta mjini kwa mafungu, wanashushwa wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, na kipindupindu juu yake. Nilipeleka uji pale. Kulikuwa na mwanamke wa umri wangu, amevaa vizuri kabisa, kitenge cha gharama, amekaa chini na ndoo moja. Alikuwa na duka Bujumbura, kubwa kuliko genge langu. Hakuniomba chochote. Aliniuliza tu kama naweza kumuuzia kadi ya simu.

Tangu siku ile mtu akinijia na siasa, cha kwanza namtazama kama ni mtu wa kuwasha moto. Chama nilikuwa nacho kingine zamani, siwafichi. Sikubadili kwa kanga. Mnaniita mwoga, mwalimu huko ataniita mtu wa kulia au kushoto, sijui. Mimi nakaa mahali ambapo vita za jirani zinafika kwa boti.

Mwana wa Ujiji

Shikamoo mama. Hilo la uwanjani nalikumbuka na silibishi. Ila na mimi nina langu. Kwenye kizuizi cha barabarani basi linasimamishwa, wote tunaoongea Kiha, kwa kuwa kinafanana na Kirundi, tunaulizwa uraia, mwenye lafudhi ya Pwani anaachwa asinzie. Ukilalamika unaambiwa tulia, usivuruge amani. Amani unayoilinda wewe kwa uchungu, mwingine anaitumia kunifunga mdomo. Mimi nikiwapigia wanaopiga kelele, nawasha moto?

Mama wa dagaa, Mwanga

Marahaba mwanangu. Hapana, huwashi. Hata mimi nimewahi kushushwa kwenye basi hilohilo, na babu yangu kazikwa Heru Juu, huko Kasulu. Kelele piga. Ninachouliza ni huyo unayempigia kura: siku ya matokeo akishindwa, atawarudisha vijana wangu nyumbani au atawaacha barabarani? Nijibu hilo kwanza, la kanga tutalizungumza.