Lupasi: rituksimabu, belimumabu, au abaki na vidonge? Naomba ulinganisho

Mama Dagaa Kirumba
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kike, miaka 27, ana lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mwili wenyewe. Tunaanika dagaa wote hapa Kirumba, Mwanza na ilianza hivyohivyo, akishinda juani siku mbili mashavu yanawaka mekundu pande zote za pua, vidole vinavimba mpaka hawezi kufunga kamba ya gunia. Yuko kwenye haidroksiklorokwini na prednisoloni, juzi mkojo umekuwa na povu wakakuta protini, sasa daktari ametaja rituksimabu na belimumabu. Zinatofautianaje jamani, maana wa kuchanga hela ni sisi.

Fundi Maabara Nyegezi
Pole sana dada. Anza na hilo jua. Seli za ngozi zikifa kwa jua zinamwaga DNA, kwa mtu wa kawaida inazolewa haraka, kwa mwenye lupasi inabaki na kinga inadhani ni virusi. Inatoa interferoni, protini ya kupiga kengele ya hatari, na interferoni inachochea seli nyingine zitoe BAFF, protini ambayo ndo ruhusa ya seli B (seli za kinga zinazozaa kingamwili) kuendelea kuishi. Sasa seli B inayoshambulia DNA ya mwili wenyewe ilitakiwa ife, ila BAFF ikizidi inapona, alafu seli T, seli nyingine ya kinga, inaikuta, inaibonyeza kwenye CD40, kama kitufe juu ya seli B, nayo inageuka kiwanda cha kingamwili, protini za kushambulia. Hizo kingamwili zikishikana na DNA zinanasa kwenye chujio la figo, ndo povu mnaloona.
Belimumabu inaikamata BAFF njiani. Rituksimabu haigusi BAFF, inaishika seli B kwenye CD20, alama iliyo juu yake, na kuiua kabisa.

Wa Igoma
Mi nimechomwa rituksimabu, dripu mbili zilizoachana wiki mbili. Ya kwanza nilitetemeka meno yanagongana wakapunguza kasi ya dripu ikatulia. Nilipata nafuu kweli lakini baada ya miezi 8 vidole vikarudi vilevile. Na msikubali kuchomwa kabla hajapimwa homa ya ini B, kama imejificha mwilini dawa hii inaweza kuiamsha.

Fundi Maabara Nyegezi
Kurudi kwako kuna sababu kaka. Seli B zikiisha hakuna wa kuitumia BAFF kwahiyo inajaa kwenye damu, seli mpya zikizaliwa zinaikuta tele, na zile mbovu zinapona tena. Pia seli za plazma zilizokomaa, yaani seli B zilizokwisha kugeuka viwanda vya kingamwili, hazina CD20, rituksimabu inazipita tu zinaendelea kutengeneza kingamwili.

Shangazi wa Buzuruga
Kwa figo mimi ningeelekea belimumabu, Marekani waliiruhusu kwa lupasi 2011 na kwa figo ya lupasi 2020. Rituksimabu majaribio makubwa ya lupasi hayakufikia lengo, madaktari wanaitumia pale nyingine zikishindwa. Ila belimumabu inataka subira, ni miezi, na dripu yake ni kila wiki 4 kwahiyo mpigie hesabu ya mwaka mzima sio ya dripu moja. Mwanangu, muulizeni daktari pia kuhusu maikofenolati, ni vidonge na kwa figo hutangulia mara nyingi, ila asibebe mimba akiwa anaitumia, inaharibu mtoto.
Na haidroksiklorokwini ASIACHE. Ni ndugu wa klorokwini ya malaria tuliyoiacha Tanzania 2001, inazima kengele ya hatari ndani ya seli kabla interferoni haijatoka. Dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na macho yapimwe, kwa mwenye figo mbovu mapema zaidi.

Mama Dagaa Kirumba
Asanteni sana, shangazi shikamoo. Sasa najua cha kumuuliza daktari. Kesho asubuhi tunaenda kupima homa ya ini, na kuanzia leo nimemtoa kwenye chanja, anapima na kushona magunia kivulini, juani naingia mimi.